Jumla iko chini, ekseli imezidi: mzani wa barabarani unalipimaje lori?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni dereva wa semi ya ekseli sita, napakia saruji Dar es Salaam naipeleka Tunduma. Safari iliyopita nilibeba mifuko 600. Kwenye mzani wa kwanza nilipita ile njia ya kupimwa gari likitembea, nikaruhusiwa bila kusimama. Mzani uliofuata nikapandishwa juu, nikaambiwa tela limezidi. Cheti kinasema: ekseli ya mbele tani 7.2, ekseli mbili za kichwa tani 16.0, ekseli tatu za tela tani 25.7, jumla 48.9. Mimi najua naruhusiwa tani 50. Gari langu likiwa tupu ni tani 18.9. Nililala pale siku mbili, na bosi anasema lazima niliokota mzigo wa watu njiani. Naomba kujua: ile mashine ya barabarani inapimaje lori linalotembea? Kwa nini mizani miwili haisemi jambo moja? Na nimezidije wakati sijazidi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Pole sana kwa siku mbili za mzanini.

Nianze na bosi, maana naona hilo ndilo linalokuuma zaidi. Cheti kinasema jumla ni tani 48.9, na gari tupu ni 18.9. Toa hii kwenye ile, zinabaki tani 30 kamili. Mifuko 600 ya kilo 50 ni tani 30. Ungeokota hata magunia kumi ya mahindi, ya kilo mia mia, jumla ingekaribia tani 50. Mafuta ya kwenye tangi yanaweza kuisogeza hesabu kidogo, kwa kuwa lita 600 za dizeli ni kama nusu tani, lakini hayawezi kuficha mzigo wa maana. Kwa hiyo karatasi ile ile iliyokulaza pale ndiyo inayokusafisha. Mpelekee, mkae chini, mfanye hesabu hiyo pamoja.

Sasa tuingie barabarani.

Mzani wa barabarani haujui umebeba nini, wala hauoni mzigo wako kama kitu kimoja. Unachokijua ni jinsi kila ekseli, yaani mhimili pamoja na matairi yake, inavyoikanyaga lami. Jumla hupatikana baadaye, kwa kujumlisha ekseli moja baada ya nyingine. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu maswali yako yote matatu yanajibika humo.

Ukikaribia kituo kinachopima magari yakitembea, punguza macho kwenye vioo uangalie chini. Utaona lami imekatwa mistari kisha ikazibwa kwa gundi ngumu. Baadhi ya mistari imechora mraba, mingine imekatiza njia kwa upana. Ile miraba ni koili za waya zilizofukiwa. Umeme mdogo unazunguka ndani yake, na chuma kingi kikipita juu, umeme huo unabadilika. Hivyo ndivyo mtambo unavyojua kwamba gari limeingia, na kwamba halijaisha mpaka tela lote lipite. Bila koili, mtambo ungeweza kudhani kichwa ni gari moja na tela ni gari jingine.

Mistari iliyokatiza njia ndiyo mzani wenyewe. Ndani yake kunaweza kuwa na ufito wa chuma uliopangwa vipande vya jiwe la kwatzi. Jiwe hilo lina tabia ya ajabu: likibanwa hutoa chaji ya umeme, na chaji hukua kadiri linavyobanwa. Zipo nyaya za plastiki zinazofanya kazi kwa tabia hiyo hiyo kwa bei nafuu, ila joto linazisumbua. Saa nane mchana hazisomi kama alfajiri, hivyo mtambo lazima upime na joto la lami na kurekebisha hesabu. Kwatzi haiyumbishwi sana na jua, na kwa nchi zenye jua kama yetu hilo si jambo dogo. Aina ya tatu ni bamba pana la chuma lililolazwa sawa na uso wa barabara. Tairi likilikanyaga, bamba hupinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na chini yake kuna nyuzi nyembamba za chuma zilizogandishwa, ambazo zikivutwa upitishaji wake wa umeme hubadilika. Mabadiliko hayo hugeuzwa kuwa kilo.

Ufito wa kwatzi ni mwembamba kuliko sehemu ya tairi inayogusa lami. Kwa hiyo hakuna wakati hata mmoja ambao tairi lako linakuwa lote juu ya mzani. Basi linapimwaje? Fikiria mtu anayechungulia kwenye ufa wa ukuta huku ng'ombe anapita upande wa pili. Anaona kipande kimoja kimoja: pua, shingo, tumbo, mkia. Akijua ng'ombe anatembea kwa mwendo gani, anaweza kuviunganisha vile vipande akapata urefu wa ng'ombe mzima. Mtambo unafanya vivyo hivyo. Unarekodi mgandamizo tangu ukingo wa tairi unapogusa ufito mpaka unapoondoka, unajumlisha wote, kisha unazidisha kwa mwendo wa gari. Mwendo wenyewe unaupata kwa kuweka mistari miwili yenye umbali unaojulikana kati yake na kuhesabu muda uliotumia kutoka mmoja hadi mwingine.

Hapo utaona kwa nini vibao vinakutaka uende mwendo mmoja bila kukanyaga breki. Ukipunguza mwendo katikati ya mistari hiyo, unaharibu vitu viwili kwa mpigo. Hesabu ya mwendo inakosewa, na uzito halisi unahama, kwa kuwa ukifunga breki gari huinama mbele na ekseli za mbele hubeba zaidi ya haki yake. Madereva wengi hukanyaga breki wakiona mistari kwa hofu tu, wakidhani wanaisaidia mashine. Wanaivuruga.

Lakini hata ukienda vizuri kabisa, bado kuna tatizo ambalo hakuna fundi atakayeliondoa. Lori limekaa juu ya springi, na mwili wake unapanda na kushuka kama mara mbili kwa sekunde. Ukiwa kilomita 80 kwa saa unakata mita 22 kila sekunde, maana yake kila mruko mmoja unachukua mita 11 za barabara. Ekseli nayo ina mtikisiko wake wa haraka zaidi. Tairi linakaa juu ya ufito kwa muda usiofika sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ufito ukikukuta wakati mwili unashuka, utasoma uzito mkubwa. Ukikukuta unapanda, utasoma mdogo. Na katika nukta ile mashine haijasema uongo, kwa kuwa barabara kweli imebanwa kwa uzito ule. Ila sheria inataka uzito wa gari lililotulia.

Wahandisi hupunguza tatizo hili kwa kuweka mistari mingi ili mmoja ukikukuta juu mwingine ukukute chini, na kwa kunyoosha lami vizuri kwa makumi ya mita kabla ya mzani ili gari lisifike linarukaruka. Kisha hulichukua lori lenye uzito unaojulikana na kulipitisha pale mara nyingi, wakirekebisha mtambo mpaka masomo yakaribie ukweli. Pamoja na yote hayo, kiwango kinachotumika Marekani kwa mizani ya mwendo wa kawaida wa barabara kinaruhusu jumla ikosewe hadi 10% na ekseli moja hadi 20%, kwa magari 95 katika kila 100. Kwa lori lako la tani 48.9, asilimia kumi ni karibu tani 5. Hakuna mwenye haki anayeweza kumtoza mtu kwa kipimo chenye ulegevu huo.

Ndiyo maana kwetu mzani wa gari linalotembea ni wa kuchuja. Kituo cha Vigwaza, mkoani Pwani, kinafanya kazi hiyo kwenye barabara ya Morogoro, na Kenya wana mitambo ya namna hiyo Mariakani na Mlolongo. Huo mji wa Mlolongo, wenyeji husema ulipata jina lake kwa foleni ya malori yaliyokuwa yakisubiri mzani, na ukiwahi kuzisikia simulizi za madereva wa zamani wa njia ya Mombasa utaelewa kwa nini watu walihitaji mashine ya kuchuja. Asiyekaribia kuzidi anapita, anayetiliwa shaka anaelekezwa ndani akapimwe amesimama. Kamera inasoma namba ya gari, koili inahesabu ekseli, mtambo unalinganisha na uzito unaoruhusiwa kwa gari la umbo hilo, na uamuzi unatolewa kabla hujafika kwenye njia panda.

Kwa hiyo kuruhusiwa pale kwanza hakukuwa cheti kwamba uko sawa. Ekseli tatu za tela lako zilizidi kwa tani 1.7 juu ya 24 zinazoruhusiwa, yaani kama 7%. Kiasi hicho kinaweza kabisa kupotea ndani ya mruko mmoja wa springi. Mzani wa kwanza ulikuona ukiruka, wa pili ulikuona umetulia. Sioni sababu ya kusema kwamba mmoja wao alikuibia.

Huo wa pili, wa kusimama, ni sahani ya chuma au zege iliyokaa juu ya vipimo vya umeme vinavyobeba uzito wote. Nchini kwetu ni lazima ukaguliwe na Wakala wa Vipimo, na namba zake ndizo zinazosimama kama ushahidi. Hata hivyo una udhaifu wake, na dereva anapaswa kuujua.

Vituo vingine vina sahani kadhaa zilizopangwa, ekseli ya mbele inakaa kwenye moja, za kichwa kwenye nyingine, za tela kwenye ya tatu, na gari linapimwa lote kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo njia nzuri. Vingine vina sahani moja fupi, hivyo unasogea, unasimama, unasogea tena. Sahani fupi ikiwa juu au chini ya sakafu inayoizunguka hata kidogo, ekseli iliyo juu yake inabeba zaidi au pungufu, kwa sababu ekseli zilizo jirani zinaelemea au zinapokea mzigo wake kupitia springi. Na ukisimama kwa breki kali halafu ukaendelea kuishikilia, magurudumu yanabaki yamevutana na chasi, uzito unabaki umehama. Simama taratibu, na mhudumu akikuambia achia breki, achia kweli.

Nakumbuka kituo kimoja nilichofanya kazi nikiwa kijana. Kwa wiki nzima madereva walilalamika kwamba ekseli za nyuma zinasomeka nyepesi kuliko kawaida, na wengine, unajua, hawakulalamika. Tulipofungua pembeni tukakuta kokoto zimebanana kati ya sahani na ukingo wa zege. Sehemu ya uzito ilikuwa inashikwa na kokoto badala ya vipimo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila dereva: kabla hujapanda, tupia jicho kwenye kioo cha namba. Sahani ikiwa tupu kinapaswa kusoma sifuri. Ukiona namba nyingine, sema kwa adabu kabla gari halijapanda. Ukisema baada ya kuambiwa umezidi, utaonekana unajitetea.

Tuje kwenye swali lako la tatu, ambalo ndilo lililokugharimu.

Uzito unaoruhusiwa kwenye barabara zetu unatokana na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Ekseli ya usukani yenye tairi mbili inaruhusiwa tani 8. Ekseli moja yenye tairi nne, tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana zenye tairi nane, tani 18. Tatu zenye tairi kumi na mbili, tani 24. Jumla ya juu kabisa ni tani 56 kwa gari la ekseli saba. Yako ya ekseli sita ni 8 na 18 na 24, ndiyo hiyo 50 unayoijua. Lakini ile 50 si mfuko mmoja unaoweza kuujaza utakavyo. Ni mifuko mitatu, kila mmoja una kinywa chake. Wewe mfuko wa mbele umeacha nafasi ya kilo 800, wa kati umeacha tani 2 nzima, wa nyuma umemwagika.

(Ukifunga tairi pana moja moja, zile mnazoita supa singo, ekseli tatu za tela zinashuka hadi tani 22.5, kwa sababu tairi moja, hata likiwa pana, linaikanyaga lami sehemu ndogo kuliko mawili. Angalia hilo kabla hujashawishika na bei ya tairi.)

Kwa nini sheria inaiangalia ekseli badala ya jumla? Kwa sababu lami haibebi lori, inabeba ekseli moja baada ya nyingine. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Wamarekani walijenga vipande vya barabara vya kila unene, wakawaweka wanajeshi waendeshe malori juu yake usiku na mchana, wakapitisha ekseli zaidi ya mara milioni 1, huku wakipima nyufa na mabonde. Walichokipata ndicho kinachoongoza usanifu wa barabara mpaka leo: uharibifu haukui sambamba na uzito, unakua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Mwongozo wetu wa Tanzania wa usanifu wa tabaka za barabara wa mwaka 1999 unatumia kipeo cha 4.5, na ekseli ya kulinganishia ni ya kilo 8,160.

Weka namba ndani. Ekseli ya tani 10 inaiumiza barabara kama ekseli 2.5 za kulinganishia. Ya tani 12 inaiumiza kama ekseli 5.7. Umeongeza uzito wa moja ya tano tu, uharibifu umezidi maradufu. Tela lako lililozidi kwa 7% limeongeza uharibifu wa kundi lile la ekseli kwa kama 36% juu ya tani 24. Halafu ukifika mlima wa Kitonga unapanda kwa gia ndogo, lami imepashwa na jua tangu asubuhi, tairi zinakaa muda mrefu mahali pamoja. Lami ya moto ikikandamizwa polepole huhama kama unga uliokandwa. Ile mifereji miwili ya matairi inayokuvuta usukani kwenye milima unayoilalamikia, ndivyo inavyochimbwa, na wewe ndiye unayepita humo kila wiki.

Sasa dawa. Tela ni kama wenzo: ncha moja imekaa juu ya kichwa, ncha nyingine juu ya ekseli tatu za nyuma. Tuseme kutoka kwenye pini ya kuunganishia tela mpaka katikati ya zile ekseli tatu ni mita 8. Kila tani unayoisogeza mbele kwa mita 1 inahamisha moja ya nane ya tani kutoka nyuma kwenda kwenye kichwa. Mzigo wako wa tani 30 ukisogezwa wote mbele kwa sentimita 48, unahamisha tani 30 mara 0.48 gawanya kwa 8, ambazo ni tani 1.8. Tela linashuka kutoka 25.7 hadi 23.9. Sehemu kubwa ya hizo tani 1.8 inaangukia ekseli mbili za kichwa, kiasi kidogo kinafika kwenye usukani. Ungesoma kama 7.5, 17.5 na 23.9. Jumla ile ile 48.9, na ungepita.

Sentimita 48, ndugu yangu. Ni kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Naijua tabia ya wapakiaji wa saruji: wanaanza kupanga wakiacha nafasi mbele ya bodi ili wapate pa kusimama, kisha safari inaanza na nafasi ile imebaki.

Na hukuhitaji hata kuhamisha mifuko yote 600. Ungechukua mifuko 32 kutoka mwisho kabisa wa tela ukaipeleka mwanzo kabisa, umbali wa mita 9, ungepata matokeo yale yale: tani 1.6 mara 9 gawanya kwa 8 ni tani 1.8. Vijana wawili, nusu saa. Kwenye mzani dereva ana nafasi ya kupanga upya mzigo kabla ya kupimwa tena, mbele ya wahudumu. Siku mbili zile zingeweza kuwa asubuhi moja kama kungekuwa na mtu wa kukuonyesha hesabu hii, na inaniuma kwamba madereva wengi wanafundishwa sheria za alama za barabarani mpaka wanazikariri, lakini hakuna anayewafundisha wenzo wa tela lao.

Kuhusu ile 5% ya kuzidi inayosamehewa, ambayo najua utaniuliza. Historia yake ni chungu. Oktoba 2013, Dk. John Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi alipoondoa msamaha wa tozo kwa waliozidi ndani ya asilimia hiyo, wenye malori waligoma mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati. Katika sheria ya sasa ya Jumuiya, asilimia 5 ipo kwa ekseli: tani 24 zinaweza kufika 25.2. Kwenye jumla usiitegemee. Na kwangu mimi, hata kwenye ekseli, nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya ulegevu wa mashine na mtikisiko wa mzigo. Anayepakia 25.2 makusudi ameshaitumia nafasi ya mashine kabla ya kufika kwenye mashine. Mvua moja ikilowesha turubai na mbao za sakafu, amezidi. Wewe ulikuwa 25.7, ndiyo maana haikukuokoa.

Kuna jambo la kiufundi pia lisilohusu mzigo. Springi za majani za tela zina mikono ya kusawazisha kati ya ekseli na ekseli. Bushi zake zikiisha, ekseli moja kati ya tatu inabeba kuliko wenzake, na tairi zake zitaisha mapema. Kwenye tela la mabegi ya upepo, vali ya kimo ikiharibika ni hivyo hivyo. Ukiona ekseli moja inakula tairi kuliko nyingine, usikimbilie kulaumu tairi, mwite fundi aangalie kusawazisha.

Vijana huniuliza pia kama inawezekana kuihadaa mashine kwa kupitisha tairi za upande mmoja nje ya mistari. Mistari huwekwa nusu ya kushoto na nusu ya kulia, kila moja ikisoma peke yake. Lori lenye tani nyingi kulia na hewa kushoto halipo duniani, kwa hiyo mtambo unaliwekea alama na taa inalipeleka ndani. Wenye kukwepa kwa kupita njia za vumbi nao muda wao unakwisha, kwa kuwa mitambo hii sasa inafukiwa hata mahali pasipo na kituo wala geti, na kamera peke yake inatosha kumtambua aliyepita.

Ukiongea na ndugu zetu wanaoendesha malori Marekani watakuambia wana kifaa kwenye kioo cha mbele, PrePass kwa mfano, kinachowasha kijani na wanapita kituo bila kupunguza mwendo. Msingi ni ule ule wa kuchuja, ila kule wanaangalia pia rekodi ya usalama ya kampuni. Jumla ya kawaida kwenye barabara zao kuu za shirikisho ni pauni 80,000, sawa na tani 36.3, chini sana ya 56 zetu. Na New York, kwenye kipande cha barabara ya Brooklyn-Queens kinachoning'inia kwa ghorofa, tangu mwaka 2023 mistari ya kwenye lami inatoza yenyewe dola 650 bila mzani wa kusimama. Kufikia hapo kulihitaji sheria ya jimbo kwa kipande hicho na urekebishaji wa mara kwa mara wa vipimo. Kwetu ningependa kwanza kila kituo cha kusimama kiwe na sahani za kutosha kupima gari zima kwa mkupuo, ndipo tuzungumze kutoza watu wakiwa wanatembea.

Jambo la mwisho, chukua futi kamba kabla hujapakia tena. Mita 8 nilizotumia ni za kukadiria, na tela lako laweza kuwa na 7.5 au 8.3. Pima kutoka pini ya kuunganishia mpaka katikati ya ekseli ya kati ya tela, andika kwa rangi ubavuni mwa chasi, kisha rudia hesabu niliyokupa ukitumia namba yako. Mwanzoni mwa bodi chora mstari wa mahali mfuko wa kwanza unapopaswa kugusa, na usimamie mwenyewe mpaka umewekwa hapo. Vyeti vya mizani yote ya safari hiyo viweke kwenye bahasha moja. Ukipata vitatu au vinne vya mpangilio huo huo, niandikie namba zake, nitakuambia mstari usogee mbele au nyuma kwa sentimita ngapi.